Je, AMCOS yetu ijenge kiwanda cha kubangua korosho?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) wilayani Nachingwea. Kila msimu tunaona malori yakipeleka korosho ghafi bandarini Mtwara, ziende India na Vietnam kubanguliwa. Mkutano mkuu umeamua tukate Sh 50 kwa kila kilo ya mwanachama ili tujenge kiwanda chetu. Tunakusanya kama tani 800 kwa msimu. Kuna muuzaji ametuletea bei ya mashine za kubangua tani moja ya ghafi kwa siku. Je, wazo hili ni zuri? Na kwa nini viwanda vya zamani vilikufa wakati korosho ziko hapa hapa?"

Marahaba, katibu. Swali lako la pili ndilo linalobeba la kwanza, kwa hiyo nitaanza nalo.

Si kila zao linalazimisha kiwanda kijengwe shambani. Mkonge unalazimisha: jani la mkonge lina nyuzi takriban asilimia 4 tu, kilichobaki ni maji na makapi, na ndiyo maana korona za Tanga, yaani viwanda vya kutoa nyuzi hizo, zimejengwa katikati ya mashamba. Hakuna atakayesafirisha kilo 96 za uchafu apate kilo 4 za singa. Miwa ikishakatwa huanza kupoteza sukari, na siku mbili tatu zinatosha kumtia hasara mwenye kiwanda. Majani mabichi ya chai hayalali njiani. Mazao haya hayajawahi kusubiri sera ya viwanda, yalijenga viwanda vyake yenyewe.

Korosho haiko hivyo. Ukiianika vizuri ikakauka, inakaa ghalani mwaka mzima bila kuharibika, na inavuka bahari ikiwa salama. Kwa sababu inaweza kusafiri, inasafiri: inakwenda mahali penye fedha za kuinunua yote kwa mkupuo, mikono yenye ujuzi, na soko la kila kinachotoka ndani yake, pamoja na vipande. Ukaribu wa shamba unasaidia, lakini peke yake haujawahi kushinda hayo matatu.

Utaniambia: lakini kilo moja ya korosho iliyobanguliwa inatoka kwenye kilo 4 hadi 5 za ghafi, kwa hiyo meli inabeba maganda zaidi ya viini! Ni kweli. Ila kule maganda hayatupwi. Yanakamuliwa mafuta ambayo hutengenezwa rangi, gundi na pedi za breki za magari, na makapi yake yanawasha boila, tanuri la kuchemshia mvuke. Halafu India yenyewe ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote duniani. Mbanguaji wa mji wa Kollam akivunja korosho, vipande vyake vinanunuliwa mtaa wa pili na watengeneza peremende na mapishi ya harusi. Wewe wa Nachingwea ukivunja, utamuuzia nani vipande vya tani nzima? Hapo ndipo faida ya viwanda vyetu vingi inapopotelea, na ni nadra kusikia ikizungumzwa kwenye mikutano ya uwekezaji.

Sasa viwanda vya zamani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani takriban 145,000, rekodi ambayo haikuvunjwa kwa miongo kadhaa. Serikali ikaona ni fedheha kuuza ghafi, ikakopa, pamoja na kwa Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vikubwa kwa teknolojia ya Kiitaliano na Kijapani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 vilikuwa 12, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 110,000 kwa mwaka. Lakini wakati kuta zinapanda, korosho zilikuwa zinashuka. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao. Bei ya mkulima ikawa ndogo kiasi kwamba kupalilia hakukulipa. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, unaokausha maua kabla hayajashika. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata chini ya tani 20,000. Kiwanda kikubwa kisicho na ghafi kinakula fedha hata kikiwa kimefungwa.

Zaidi ya hapo, mashine zile zilivunja sana. Zilibuniwa kubangua kwa wingi, wakati korosho hulipwa kwa uzima wake. Vilipobinafsishwa, baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhia ghafi inayosubiri meli. Wazee wa kwenu wanakumbuka king'ora cha kiwanda, na sidhani kama nina haja ya kuwaeleza walivyojisikia walipoona jengo lile lile linapakia magunia.

Kwa hiyo msijiulize kama korosho zipo. Jiulizeni kama mtakuwa nazo mwezi wa saba.

Tupige hesabu, kwa mfano tu. Mashine ya tani moja kwa siku, ikifanya kazi siku 250, inahitaji tani 250 za ghafi. Korosho inauzwa minadani kati ya Oktoba na mwanzoni mwa mwaka, basi. Hakuna mnada wa Juni. Ina maana lazima mnunue tani zote 250 ndani ya wiki chache. Kwa bei ya Sh 3,000 kwa kilo, hiyo ni Sh milioni 750, fedha taslimu, kabla hamjauza hata pakiti moja. Makato yenu ya Sh 50 kwa tani 800 ni Sh milioni 40 kwa msimu. Mtakata karibu misimu 19 kupata ghafi ya mwaka mmoja, na hapo mashine hamjanunua.

Mkikopa, ongezeni riba. Deni hilo linapungua kadiri mnavyobangua na kuuza, kwa hiyo tuchukue kwamba kwa wastani mnadaiwa nusu yake mwaka mzima, Sh milioni 375. Kwa riba ya asilimia 15, ni Sh milioni 56. Tani 250 za ghafi zikitoa asilimia 22 ya viini, mnapata tani 55. Gawanyeni: riba peke yake imekula zaidi ya Sh 1,000 katika kila kilo ya korosho safi. Mshindani wenu wa Vietnam anakopa kwa riba ndogo kuliko hiyo, na ananunua kutoka Afrika Magharibi, ambako msimu unaanza wakati wetu umekwisha, kisha anarudi kwetu Oktoba. Yeye halazimiki kuweka akiba ya mwaka mzima. Huyo yuko mbali na mashamba yote mawili, na umbali huo unamfaidi.

Ndiyo maana nasema muuzaji wa mashine amewaletea bei ya kitu kidogo. Gharama kubwa iko ghalani.

Jambo la pili ni uzima wa korosho. Chukueni tani zile 55. Mkitoa asilimia 85 nzima badala ya 65, tofauti ni tani 11. Ikiwa korosho nzima inauzwa Sh 6,000 zaidi ya vipande kwa kilo, hizo ni Sh milioni 66, zaidi ya riba yote tuliyoihesabu. Wanunuzi wa nje hutumia madaraja kama W180, W240 na W320, na namba hizo ni idadi ya viini vizima katika ratili (pauni) moja: kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo kiini kilivyo kikubwa na ghali. Uzima unaanza kabla ya mashine. Korosho zichambuliwe kwa ukubwa, kwa sababu kisu kilichotegeshwa kwa korosho kubwa hakiifikii ndogo, na cha ndogo kinapasua kubwa. Zipikwe kwa mvuke kwa muda sahihi, zipumzishwe zipoe hadi ganda liwe gumu, ndipo zikatwe. Viini vikaushwe kwenye oveni polepole hadi ule utando mwekundu uachie wenyewe, vimenywe, virudishiwe unyevu kidogo visivunjike, vichambuliwe, vifungwe bila hewa ndani. Katika mlolongo huo wote, mashine ya kukatia mliyoletewa bei ni hatua moja. Niulizie, bei hiyo ina boila? Ina oveni? Ina mashine ya kufungia? Mara nyingi haina.

Sasa kuna jambo ambalo katibu inabidi ulitamke mkutanoni, hata kama halitapendeza. Mwanachama wenu anataka ghafi iuzwe ghali. Kiwanda chenu kitataka ghafi iwe rahisi. Wote wawili ni ninyi. Siku ya mnada kiwanda chenu kitasimama upande mmoja na mnunuzi anayesafirisha nje, na mkimshinda kwa bei mtafurahi kama wakulima na kulia kama wabanguaji. Mkiamua wanachama wauzie kiwanda chini ya bei ya mnada, nawaambia mapema, korosho zitapita njia za panya usiku. Ushirika umekufa mara nyingi kwa sababu ya tofauti ya Sh 200 kwa kilo. Andikeni kanuni sasa: kiwanda kinanunua kwa bei ya mnada wa siku hiyo, na faida ikipatikana mwisho wa mwaka inarudi kwa mwanachama kulingana na kilo alizoleta. Isipopatikana, hakuna anayedai.

Serikali nayo ina mkono wake. Kwa muda mrefu ghafi inayotoka nje imetozwa ushuru wa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kiasi kitakachokuwa kikubwa. Lengo ni zuri: anayebangua ndani hatozwi, kwa hiyo anapata nafuu. Lakini mnunuzi wa nje hatoi ushuru huo mfukoni mwake, anaupunguza kwenye bei anayotoa mnadani. Anayelipa ni mkulima. Fedha hizo zikirudi kama salfa ya kuzuia ubwiri unga na miche bora, mkulima ameumia akafutwa machozi. Zisiporudi, ameumia tu. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa ushuru wote uende mfuko mkuu wa serikali, na kelele zilizopigwa bungeni na wabunge wa kusini mnazikumbuka.

Msimu huo huo wa 2018/19 ulitufundisha jambo jingine. Wanunuzi walipotoa bei ambazo Rais Magufuli alizikataa, serikali ilinunua yenyewe kwa Sh 3,300, jeshi likapewa kazi ya kukusanya na kusafirisha. Ilisemwa korosho zitabanguliwa nchini. Uwezo wa viwanda haukufika popote karibu na mzigo ule, na sehemu kubwa ikaishia kuuzwa ghafi. Nia ya juu kabisa serikalini haikuweza kufidia maboila yasiyokuwepo.

Majirani wamejaribu njia zao. Msumbiji iliwahi kuwa bingwa wa dunia wa korosho. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliishinikiza kushusha ushuru wa ghafi inayotoka, viwanda vikafungwa, maelfu wakapoteza kazi. Mwaka 1999 Bunge lao likapandisha ushuru hadi kati ya asilimia 18 na 22. Kilichonivutia mimi ni kilichofuata: viwanda vilivyofufuka katika mkoa wa Nampula mwanzoni mwa miaka ya 2000 havikuwa vile vikubwa. Vilikuwa vya kati, vya mvuke, vyenye mashine za mkono na mguu na wafanyakazi wengi, vilivyotoa korosho nzima nyingi kuliko yale majitu ya zamani. Kenya ilipiga marufuku kabisa kuuza ghafi nje mwaka 2009. Makadamia ya nyanda za juu yalipata viwanda, ingawa mwishoni mwa 2023 serikali ililegeza marufuku hiyo kwa muda kwa sababu wakulima walikuwa wanalia bei. Korosho ya Kilifi na Kwale haikufufuka. Mikorosho ilikuwa imezeeka, na marufuku haipandi miti. Ivory Coast, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilianza 2016 kuwalipa wabanguaji faranga 400 kwa kila kilo ya korosho safi wanayouza nje, na kiwango cha kubangua kimepanda kweli. Ila kumbuka, hiyo ni fedha ya hazina. Chama cha msingi hakina hazina.

Basi mfanye nini?

Ningekuwa mshauri wenu wa kukaa mezani, ningewaambia msikate wazo, ila mgeuze mpangilio. Msimu ujao tumieni fedha za makato kwenye ghala na ubora: turubai na vichanja vya kuanikia, kipimo cha unyevu, chaga za kuinua magunia kutoka sakafuni, na mtu mmoja aliyefunzwa kupima ubora wa ndani, yaani ratili ngapi za kiini kizuri zinatoka kwenye gunia la kilo 80. Mnunuzi anakijua kipimo hicho kuhusu korosho zenu kuliko ninyi wenyewe, na hapo mnapoteza fedha hata bila kiwanda. Kazi hii pia ni usindikaji, na inalipa mara moja. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kiko Mtwara, na mafunzo ya aina hii ni kazi yao.

Sambamba na hilo, anzeni na kikundi kidogo kinachobangua kilo 100 au 200 kwa siku, si tani. Hapo ghafi ya mwaka inashuka hadi tani 25 au 50, kiasi ambacho chama chenye tani 800 kinaweza kukibeba bila kujinyonga. Msilenge Ulaya kwanza. Ulaya haitozi korosho ushuru, kwa hiyo mlango uko wazi, lakini anayenunua kule anataka kontena zima la daraja moja, kila mwezi, lenye vyeti vya usalama wa chakula na kigunduzi cha vyuma mwishoni mwa mstari. Soko lenu la miaka mitatu ya mwanzo ni Dodoma, Dar es Salaam, Arusha na hoteli za Zanzibar. Humo vipande navyo vina bei, kwa waokaji, kwa wanaosaga siagi ya korosho, kwa wauza vitafunio. Chukueni alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, fungeni pakiti ndogo, na muone kama mnaweza kuuza mwezi wa saba kwa bei inayorudisha gharama. Mkishindwa kuuza tani 5, tani 55 zitawazika.

Mkifika mahali pa kupanua, kuna njia mbili za kukwepa mzigo wa Sh milioni 750. Ya kwanza ni kubangulia wengine kwa ujira: mwenye ghafi analeta, mnamkatia na kumenya, mnalipwa kwa kilo, hasara ya bei si yenu. Ya pili ni stakabadhi ya ghala, ile hati mnayopewa mkishaweka korosho ghalani. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 haikutungwa kwa ajili ya minada tu. Stakabadhi ni dhamana: benki inaweza kukopesha dhidi ya korosho zilizofungiwa ghalani, na mnazitoa kidogo kidogo kila wiki kadiri mnavyolipa. Riba inabaki, ila hamweki rehani nyumba ya mwenyekiti. Nendeni na hesabu yenu mkononi, maana meneja wa benki ataiuliza kabla hajauliza jina la kiwanda. Kuhusu namna mbanguaji wa ndani anavyonunua ghafi kabla au nje ya mnada wa kawaida, taratibu zimekuwa zikibadilika, hivyo andikieni Bodi ya Korosho mwezi wa saba au wa nane, msisubiri Oktoba.

Kuna njia ya tatu ambayo naipenda zaidi, lakini inahitaji vyama kadhaa kukubaliana, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kukata kufanyike vijijini, karibu na ghafi na mikono. Kumenya kwa mwisho, kuchambua madaraja na kufunga kufanyike mahali pamoja penye umeme wa uhakika, maabara na vyeti, kwa chama kikuu kinachounganisha vyama vya msingi. Viini vilivyokatwa vinasafiri vyepesi, maganda yanabaki kijijini kuwasha boila, na cheti kimoja kinahudumia vyama kumi. Chama kimoja cha msingi kujenga kila kitu peke yake, kuanzia boila hadi kigunduzi cha vyuma, sioni kikifika.

La mwisho ni kuhusu watu, kwa kuwa hukuuliza na wengi hawaulizi. Wanaobangua ni akina mama, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Wanaochoma korosho kwenye mabati nyumbani wanavuta moshi wa mafuta hayo hayo, na korosho inatoka nyeusi, haiuziki popote pa maana. Katika bajeti ya muuzaji wenu tafuteni mstari wa glovu, mafuta ya mbarika au majivu ya kujipaka mikononi, na feni za kutoa hewa. Kama haupo, mwambieni auongeze kabla hamjajadili punguzo. Pia mwambieni awapeleke kwenye kiwanda ambacho amekifunga mashine hizo na ambacho kimepita msimu mzima, muhesabu wenyewe korosho nzima kwenye beseni la mfanyakazi mwishoni mwa zamu. Akisita, mmeshapata jibu la bei yake.